Chai ya Alasiri kwa Wageni 12, na Vitafunio vya Kupika Nyumbani

Katika miji ya Pwani, kati ya swala ya alasiri na ya magharibi kuna muda wa saa mbili hivi ambao jua limekwisha kulegea, shughuli za mchana zimepungua, na chakula cha usiku bado hakijatelekwa jikoni. Huo ndio wakati wa chai. Mgeni anayealikwa wakati huo haji kushiba; anakuja kukaa, kuzungumza na kula kidogo kidogo, na mwenyeji anayelifahamu hilo huwa amejipunguzia nusu ya mzigo kabla hajawasha jiko. Maelezo yanayofuata ni ya mwaliko wa watu 12 katika nyumba ya kawaida yenye jiko la gesi na jiko la mkaa, kwa namna tunavyoandaa hapa Tanga, na kila kitafunio kilichotajwa hupikwa kwa mkono nyumbani.

Mara ya kwanza nilipoalika wageni wa chai, nilipanga vitafunio 8, na karibu vyote vilikuwa vya kukaangwa. Nilianza kukaanga wageni walipokuwa wakivua viatu mlangoni, na nilipoepua karai la mwisho adhana ya magharibi ilikuwa inasikika. Mama mkubwa alikuwa amesafiri kutoka Pangani siku hiyo hiyo. Alikuja jikoni kuniaga, akanishika bega, akaniambia kwa upole kwamba amekula vizuri ila mimi hakuniona. Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tangu siku ile nikialika watu naanza kwa kupanga muda, na vyakula hufuata: kipi kinaweza kupikwa siku 3 kabla, kipi jana yake, kipi asubuhi, na kipi kimoja tu kitakachoingia kwenye mafuta wageni wakiwa njiani.

Kuchagua vitafunio

Mgeni wa chai ana mkono mmoja tu wa kulia chakula, kwa kuwa wa kushoto umeshika kisahani cha kikombe. Kwa hiyo kila kinachowekwa mezani kiwe cha kumalizika kwa kumega mara mbili au tatu, kisichuruzike, na kisihitaji kijiko. Kwa kipimo hicho vyakula vingi vizuri huondoka vyenyewe kwenye orodha. Urojo haufai, mishikaki humwachia mgeni kijiti asichojua pa kukiweka, na kaimati zilizozama kwenye shira, ingawa nazipenda sana, hulowesha vidole vya mtu aliyevaa nguo ya kutokea.

Ninachoandaa ni vitafunio viwili vya chumvi na viwili vya sukari: sambusa za nyama 36, katlesi 24, mkate wa kumimina mmoja wa kukatwa vipande 24, na visheti vya kujaza bakuli mbili. Ukigawanya, kila mtu anapata vipande 7 bila kuhesabu visheti, na hicho ni kiasi cha kutosha kwa mtu ambaye saa mbili baadaye atakula chakula chake cha usiku. Ukiongeza aina ya tano, unaongeza kazi kuliko raha. Ukiona sinia linaonekana pungufu, weka korosho za kukaanga au vipande vya embe na nanasi vilivyokatwa vizuri, kwani hivyo havidai moto wala usimamizi.

Wakati wa kutoa mwaliko, uliza mapema kama kuna asiyekula kitu fulani. Karanga, mayai na samaki huwadhuru baadhi ya watu, wenye kisukari ni wengi katika kila ukoo, na watoto wakija na mama zao watahitaji sambusa zisizo na pilipili. Ni maswali mafupi, na yanamwonyesha mgeni kwamba anasubiriwa.

Visheti, siku 3 kabla

Visheti ndivyo vinavyostahimili kukaa, hivyo anza navyo na uvisahau. Changanya unga wa ngano vikombe 3 na chumvi kidogo, mimina samli iliyoyeyushwa vijiko vya mezani 3 ikiwa ya moto, usugue kwa viganja mpaka unga ushikane ukiuminya, kisha ukande kwa maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo upate donge gumu kuliko la chapati. Lipumzishe nusu saa. Vunja vidonge vidogo kama punje za kunde kubwa, kandamiza kila kimoja juu ya mgongo wa uma na ukiviringishe ili kipate mistari, halafu vikaange kwa moto mdogo hadi viwe na rangi ya dhahabu na vikauke hadi ndani. Chemsha sukari vikombe 1 na nusu kwa maji zaidi kidogo ya nusu kikombe, tia iliki iliyotwangwa, na shira ikianza kuvutika kama uzi kati ya vidole viwili, mimina visheti, uvigeuze bila kuacha mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe. Vikipoa kabisa, vitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Sambusa, jana yake

Hapa ndipo penye kazi, na ningependa tukae kidogo. Manda, yaani zile karatasi nyembamba za unga za kufungia sambusa, zinauzwa sokoni na madukani, nami simlaumu anayezinunua, lakini manda za nyumbani ni nyembamba zaidi, hazina harufu ya kukaa, na ukishazizoea huchukua muda mfupi kuliko safari ya kuzifuata.

Chukua unga wa ngano vikombe 2 na nusu, yaani takriban gramu 300, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta kijiko cha mezani 1, na maji ya vuguvugu kama robo tatu ya kikombe. Kanda mpaka donge liwe laini lisilonata mkononi, lifunike kwa kitambaa kibichi, na ulipumzishe kwa nusu saa. Donge lisilopumzika hujivuta na kurudi kila ukilisukuma, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea vipimo. Ligawe madonge 12 yaliyo sawa. Sukuma kila moja lifikie upana wa kisahani, lipake mafuta juu kwa kidole, nyunyizia unga, kisha lifunike kwa lingine, mpaka upate rundo la madonge 4. La juu kabisa lisipakwe kitu. Utakuwa na marundo 3. Sasa sukuma kila rundo kwa pamoja, ukilizungusha kidogo kila mara ili kingo zisibaki nene, mpaka lifikie upana wa sentimita 22 hivi.

Weka chuma cha chapati kwenye moto mdogo bila mafuta. Kila rundo likae kwa nusu dakika upande mmoja, ligeuzwe, na likae kidogo upande wa pili. Usingoje lipate madoa ya kahawia, kwa sababu manda iliyoiva hukatika wakati wa kukunjwa. Inatosha kuona imepoteza ubichi na kuanza kutoa vipovu. Ikiwa bado ya moto, ikate robo nne kwa kisu au mkasi, kisha uzibandue kurasa moja moja. Hatua hii haingoji: ukiliacha rundo lipoe, tabaka zitashikana, na utazichana. Robo zote 48 zifunike mara moja kwa kitambaa kibichi. Tutatumia 36, na 12 zitakazobaki zinafaa kufungwa kwenye mfuko na kugandishwa kwa siku nyingine.

Kwa ndani, chukua nyama ya kusaga nusu kilo, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja kijiko cha mezani 1, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa kijiko cha chai 1, na maji ya ndimu moja. Vipike bila kuongeza maji wala mafuta, ukiivuruga nyama kwa mwiko isifanye mabonge, mpaka maji yake yote yakauke na uanze kuisikia ikilia kwenye sufuria. Ukavu huo ndio siri yote ya sambusa. Nyama yenye maji hulainisha manda usiku kucha, na ikiingia kwenye mafuta, mvuke hutafuta njia, sambusa hupasuka, na karai zima huchafuka. Epua, iache ipoe kabisa, ndipo uchanganye vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo sana na kukamuliwa kwa kitambaa, pamoja na majani ya kotmiri na pilipili mbichi. Vitunguu havipikwi pamoja na nyama. Vitaivia ndani ya sambusa, na ndivyo vinavyoipa utamu na ule mlio mdogo chini ya jino.

Koroga unga vijiko viwili kwa maji upate gundi nzito. Shika robo ya manda, ncha yake ikielekea kwako, kunja upande mmoja kuelekea katikati, paka gundi, kunja wa pili juu yake, na utapata koni. Itie nyama kijiko kimoja, usiishindilie, kisha paka gundi kwenye mdomo na uufunge. Mwisho, tazama pembe zote tatu kwa karibu. Tundu dogo kama kichwa cha pini linatosha kupitisha mafuta ndani, na sambusa iliyokunywa mafuta hutambulika kwa kitambaa cha mgeni kabla hajaionja. Ukiona tundu, lizibe kwa gundi.

Zipange kwenye sinia lililotiwa unga bila kugusana, uziweke kwenye friza. Zikishaganda, zihamishe kwenye mfuko. Zitakaangwa zikiwa zimeganda hivyo hivyo. Ukiziacha ziyeyuke kwanza, zitatoa maji na manda itabandika kwenye sinia.

Katlesi, usiku huo huo

Chemsha viazi mbatata kilo 1 na maganda yake, kwa kuwa kiazi kilichomenywa hunywa maji na katlesi hufumuka. Vimenye vikiwa vya moto, viponde hadi visibaki na vipande, tia chumvi, maji ya ndimu na kotmiri, uviache vipoe. Samaki ninayemtumia ni jodari, kwa kuwa ana nyama nyingi na hana miiba midogo. Mchemshe kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mchambue kwa mikono yako mwenyewe ukipapasa kila kipande, kisha mchanganye na viazi pamoja na pilipili mbichi iliyotolewa mbegu. Robo tatu ya kilo ya samaki mzima inatosha. Asiyekula samaki anaweza kupikiwa kwa nyama ya kusaga iliyopikwa kama ile ya sambusa.

Viringa madonge 24 ya ukubwa wa limau dogo, yabonyeze kidogo, uyafunike na kuyaweka kwenye jokofu mpaka kesho. Ubaridi wa usiku mmoja huyashika kuliko unga wowote utakaoongeza. Hatua ya yai na mafuta itasubiri siku yenyewe.

Kabla ya kulala, osha mchele vikombe 2 na uuloweke.

Mkate wa kumimina, asubuhi

Huu ndio mkate ambao majirani zetu wa Mombasa wanauita mkate wa sinia. Chuja mchele uliolala kwenye maji, uusage kwenye blenda na tui zito la nazi kikombe 1 na nusu, iliki ya kutosha na hamira kijiko cha chai 1, mpaka ukisugua uji huo kati ya vidole usihisi chembe hata moja. Umimine kwenye bakuli kubwa, ufunike, uuache uumuke. Kwa joto letu saa moja hutosha, na siku za kiangazi hata dakika 45. Ukiona vipovu vimejaa juu na uji umepanda, usiuache zaidi, kwani baada ya hapo huanza kuchachuka. Hapo tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja uliopigwa, koroga taratibu, uumimine kwenye sufuria pana iliyopakwa samli na kupashwa moto vizuri.

Dakika chache za mwanzo moto uwe wa chini tu, ili mkate ushike kitako. Uso ukianza kupata matundu, funika, palia makaa juu ya kifuniko na upunguze ya chini. Mwenye oveni ahamishie humo kwa nyuzi 180, kwa dakika 35 hadi 40. Mkate huu usikatwe ukiwa wa moto, hata kama harufu yake inakushawishi. Hunata kwenye kisu na vipande hupoteza umbo. Ngoja upoe kabisa, kisha uukate vipande vya pembe nne vidogo.

Asubuhi hiyo hiyo saga chatne: nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, kotmiri, ndimu na chumvi, iwe nzito isidondoke kwenye sambusa. Iweke kwenye jokofu.

Chai yenyewe

Inashangaza jinsi watu wanavyotaabika na vitafunio kwa siku mbili, halafu chai wakaipika kwa dakika tano. Chai nyingi inayolimwa Mufindi, Rungwe na kwa jirani zetu Kericho husagwa na kuviringishwa kwa mashine, ikatoka punje ndogo zinazotoa rangi na ukali haraka. Ni nzuri sana kwa maziwa, lakini ikikaa na majani yake hugeuka chungu.

Andaa aina mbili. Kwa chai ya maziwa lita 2 na nusu, chemsha kwanza maji nusu ya kipimo hicho pamoja na tangawizi iliyopondwa, iliki na kijiti cha mdalasini kwa dakika 10, ndipo utie majani vijiko vya mezani 4, na mwisho maziwa. Utaratibu huo una sababu yake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, nacho huharibiwa kwa kuchemka. Mwenye kutia tangawizi na maziwa kwa pamoja ndiye anayekuta chai imekatika. Ikishachemka na kupanda mara mbili, ichuje yote, kisha uitie kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Chai ya rangi lita 2 ipikwe kwa mchaichai, karafuu 3 tu na majani vijiko 2, nayo ichujwe vivyo hivyo.

Sukari iwe pembeni. Najua kwamba wazee wetu waliipikia humo humo, na wapo wanaoona chai isiyo na sukari ni kama dawa, lakini mgeni mwenye kisukari asilazimike kueleza maradhi yake mbele ya watu kwa sababu ya kikombe cha chai.

Siku yenyewe

Waambie wageni waje saa 10 na nusu alasiri. Kufikia saa 9 alasiri ukumbi uwe umefagiwa, mkeka au jamvi limetandikwa kwa wanaopenda kukaa chini, viti viwepo kwa wazee wenye magoti mabovu, na vikombe vimepangwa juu ya visahani vyake. Ukifukiza udi, fukiza mapema na ufungue madirisha, ili harufu ya iliki isishindane na moshi. Kanga mbili mpya za kutandika mezani huupendeza ukumbi kuliko maua ya plastiki, na asumini chache kwenye kisahani zinatosha.

Baada ya swala ya alasiri, teleka karai lenye mafuta ya kina cha vidole vinne. Chovya katlesi kwenye mayai mawili yaliyopigwa, uzikaange kwa dakika tatu, zigeuzwe mara moja tu, uzitoe kwenye chujio. Zitafunikwa kwa kawa, nazo hazidhuriki kwa kubaki vuguvugu. Kawa ni bora kuliko kifuniko cha bakuli, kwa kuwa ukili hupitisha mvuke, na kitu cha kukaanga kinachofunikwa kwa plastiki hulowana kwa jasho lake.

Sambusa ndizo za mwisho. Jaribu mafuta kwa kipande cha manda: kikizama kidogo na kupanda kikiwa na vipovu, moto ni sawa, kikipanda na kubadilika rangi papo hapo, punguza. Kaanga 12 kwa wakati mmoja, kwa moto wa wastani, dakika 6 au 7 kwa kuwa zimeganda. Awamu ya kwanza iive wageni wanapoingia. Awamu mbili zinazobaki mwachie mtu mmoja uliyemwomba mapema, binti au mdogo wako, na umwoneshe jinsi ya kupima mafuta kabla siku haijafika. Wewe nenda ukumbini, uketi.

Mgeni anawishwe mikono kwanza, kwa birika na bakuli au kwenye sinki, na kitambaa safi kiwe karibu. Aliyemkubwa kwa umri ndiye anayemiminiwa chai ya kwanza, na sinia lianzie kwake. Usiweke vyakula vyote mezani kwa pamoja. Peleka vya chumvi kwanza, na mkate na visheti vifuate pamoja na kikombe cha pili. Vitu vya nyama na samaki visikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya joto kali saa 1 inatosha, kwa hiyo kila sinia liwe dogo na lijazwe tena kutoka jikoni.

Kabla ya magharibi wageni wataanza kutazama milango. Mifuko ya karatasi uwe umeiandaa tangu asubuhi: kila anayeondoka mfungie konzi ya visheti, na mkate kama umebaki, na aliye na mgonjwa au mzee nyumbani mfungie pia sambusa za karai la mwisho, zikiwa bado za moto.